Maumivu Sugu ya Kifandugu Baada ya Kuumia: Nani Afanyiwe Upasuaji, Nani Asifanyiwe

Mabibi na mabwana, ndugu mnaoishi na maumivu haya, nanyi mnaowauguza,

Naona kuna waliosimama ukutani ilhali viti viko tupu. Simameni hivyo hivyo mkiona ni nafuu, na anayehitaji kuinuka katikati ya maneno yangu ainuke, hajanivunjia heshima. Maumivu ya kifandugu humnyima mtu jambo ambalo wengine hulifanya bila kulifikiria, yaani kukaa. Na kwa kuwa hayaonekani kwa macho, mwenye nayo huchoka kujieleza kazini, safarini, hata kwa mwenzi wake.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nikatwe huu mfupa au nisikatwe?" Nawaomba mtangulize lingine: mfupa wangu unafanya nini ninapokaa? Bila jibu la hilo, upasuaji ni kubahatisha, na sindano na mikono ya mtaalamu ni kubahatisha vilevile.

Kifandugu, ambacho wengi hukiita kitokono, ni mwisho wa uti wa mgongo. Kina pingili 3 hadi 5, kwa watu wengi 4, na huungana na sakramu, ule mfupa mpana wa nyuma ya nyonga. Ukikaa wima, uzito hubebwa zaidi na mifupa miwili ya makalio. Ukiegemea nyuma, kifandugu nacho hupokea sehemu yake. Juu yake imejishikiza misuli mingi: sehemu ya msuli mkubwa wa kalio, misuli ya sakafu ya nyonga, pamoja na kano zinazokiunganisha na fupanyonga na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo mtu aliyeanguka ngazini akatua makalio hulalamika pia kwamba anaumia anapokwenda chooni, anapoinuka kitini, au wakati wa tendo la ndoa. Wanawake hupatwa mara 5 hivi kuliko wanaume, na kujifungua peke yake kunaweza kukiumiza.

Walio wengi hupona bila kisu, ndani ya wiki kadhaa au miezi michache. Maumivu yakivuka miezi 3 tunayaita sugu. Hapo hatungoji tena yaishe yenyewe, tunatafuta chanzo.

Baada ya kuumia, vyanzo vikubwa ni vinne. Cha kwanza ni kiungo kilicholegea: ukikaa, pingili hupinda kupita kiasi kuelekea mbele au hutoka mahali pake na kuteleza nyuma, na ukiinuka hurudi. Mgonjwa wa aina hii husema maumivu makali kabisa ni yale ya sekunde ya kunyanyuka. Cha pili ni kifandugu kigumu kisichosogea, ambacho mara nyingi kina kijiba cha mfupa kwenye ncha kinachochoma ngozi kwa ndani. Hiki huonekana zaidi kwa watu wembamba, wakati kuteleza nyuma huonekana zaidi kwa wanene, kwa sababu nyonga zao huzunguka kidogo wanapokaa na kifandugu hubaki kimesimama wima dhidi ya kiti. Cha tatu ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyokaza kujilinda baada ya jeraha, kisha ikasahau kulegea. Cha nne ni neva zilizozoea kupiga kelele hata pale mfupa ulipotulia. Mtu mmoja anaweza kuwa na viwili au vitatu kwa pamoja, na hao ndio wanaozunguka hospitali kwa miaka.

Sasa, uchunguzi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapotokea.

Picha ya eksirei ya kawaida hupigwa mgonjwa akiwa amelala au amesimama. Kiungo kinachotoka mahali pake mtu anapokaa kitaonekana salama kabisa kwenye picha hiyo, kisha mgonjwa ataambiwa hana kitu. Daktari Jean-Yves Maigne wa Paris ndiye aliyeifanya picha ya kukaa kuwa kipimo kinachoeleweka. Mgonjwa husimama dakika 5 hadi 10 ili kifandugu kirudi mahali pake, hupigwa picha ya ubavuni akiwa amesimama, kisha huketi kwenye kigoda kigumu, hujiegemeza nyuma taratibu mpaka maumivu yake yenyewe yaje, na hapo hapo hupigwa picha ya pili. Picha mbili hulinganishwa. Kifandugu kikipinda kati ya digrii 5 na 25 ni kawaida. Kikipita 25 kimelegea. Chini ya 5 ni kigumu. Pingili iliyoteleza zaidi ya robo ya upana wake imetoka mahali pake. Nendeni mkaombe picha hii kwa maneno haya haya: picha ya ubavuni ya kifandugu, kusimama na kukaa, katika mkao unaoniumiza. Mgonjwa akikalishwa kwenye godoro laini la meza ya eksirei, au akainama mbele kwa kuogopa maumivu, picha haitasema lolote.

Historia ya jeraha nayo ni ushahidi. Maumivu yaliyoanza ndani ya mwezi mmoja baada ya kuanguka huelekeza zaidi kwenye kiungo kilicholegea. Aliyeanguka utotoni akaanza kuumwa miaka 20 baadaye, tusikimbilie kuilaumu ile ajali.

Kisha mkono wa daktari. Kidole kimoja ndani ya njia ya haja kubwa, gumba nje, kifandugu kinashikwa katikati na kusogezwa polepole. Kikisogezwa na maumivu yale yale unayoyajua yakaja, chanzo ni hapo. Kama kukisogeza hakuumi lakini kugusa misuli ya pembeni kunayaleta maumivu hayo, tatizo ni misuli. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla, ya kuwa na mtu wa kumsindikiza chumbani, na ya kusema basi wakati wowote. Kipimo cha mwisho ni sindano ndogo ya ganzi kwenye kiungo kinachoshukiwa. Ukikaa baada ya dakika kadhaa na maumivu yamekatika, tumepata mahali. Yasipopungua hata kidogo, tutafute kwingine, kwa mfano kwenye diski za kiuno au kiungo cha sakramu na nyonga. Kwa mtu huyo, kuondoa kifandugu ni kumkata bure.

Kuna dalili ambazo hazingoji mpangilio huu. Maumivu ya usiku yanayokuamsha hata ukilala ubavu, homa, kupungua uzito bila sababu, uvimbe unaoongezeka au usaha kwenye mfereji wa makalio: hayo yanahitaji daktari mapema, na mara nyingi kipimo cha MRI, kwa sababu maambukizi na uvimbe wa saratani hutokea eneo hili ingawa ni nadra. Ganzi sehemu za siri na kushindwa kuzuia mkojo au choo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye matibabu, na ninaanza na kiti kwa sababu hakuna tiba itakayoshinda saa 8 za kukaa vibaya kila siku. Mto wa mviringo wenye tundu katikati unauzwa sana, lakini kwa wengi huongeza shida: kifandugu huning'inia kwenye tundu, na nyama za pembeni hukivuta. Mto unaofaa una mteremko, nyuma juu na mbele chini, na umekatwa pengo lililo wazi kwa nyuma. Godoro la povu gumu la unene wa sentimita 7 au 8 linatosha kutengenezea. Kata pengo kuanzia ukingo wa nyuma, upana wa sentimita 7 au 8; ukizidisha hapo, mifupa ya makalio nayo itatumbukia. Ujaribu kwa kuukalia na kupitisha vidole kwa nyuma: vikipita bila kubanwa kati ya mfupa na kiti, umepata. Ukiugeuza pengo likawa mbele, umekalia mto tu. Inama kidogo mbele, miguu yote miwili chini, na inuka kila baada ya dakika 20 hadi 30. Unapoinuka, sogea kwanza ukingoni mwa kiti, peleka kifua mbele, ndipo usukume kwa miguu.

Choo kigumu ni adui wa pili. Nyuzinyuzi gramu 25 hadi 30 kwa siku, maji ya kutosha, na kwa choo cha kukalia weka kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu ili magoti yawe juu ya nyonga. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni hufunga choo, na amitriptilini, ambayo hutolewa miligramu 10 hadi 25 usiku kutuliza neva, nayo hufunga. Anayeandikiwa moja kati ya hizo aombe na dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Ibuprofeni husaidia kwa vipindi vifupi, baada ya kula, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mjamzito. Parasetamoli isivuke gramu 4 kwa saa 24, na hesabu hiyo ijumuishe ile iliyomo kwenye dawa za mafua.

Tiba ya misuli ya sakafu ya nyonga haithaminiwi inavyostahili, na hili linanisikitisha. Watu wengi wameambiwa wabane misuli hiyo ili kuimarisha. Kwa mwenye misuli iliyokaza, kubana ni kumwongezea maumivu. Yeye anahitaji kuilegeza. Lala ubavu, mto katikati ya magoti. Vuta pumzi kwa pua, hesabu 4, tumbo lijae. Pumzi inapoingia, iachie njia ya haja kubwa kana kwamba unaruhusu hewa itoke, bila kusukuma. Toa pumzi kwa hesabu 6 bila kubana chochote. Pumzi 10, mara mbili kwa siku. Ukisikia tumbo linakakamaa, umeanza kusukuma, punguza. Baada ya wiki 6 hadi 8 na mtaalamu wa fiziotherapia aliyesomea nyonga, utajua kama ni njia yako.

Kukisogeza na kukikanda kifandugu kwa mikono, kwa kupitia ndani, ni tiba ya zamani ambayo imepimwa. Utafiti wa Maigne na wenzake uliochapishwa mwaka 2006 uligawa wagonjwa 102 kwa bahati nasibu. Waliopata vikao 3 vya tiba hiyo ndani ya siku 10 walipata nafuu nzuri kwa asilimia 36 baada ya mwezi mmoja, dhidi ya asilimia 20 ya waliopewa tiba bandia. Kwa miezi 6 ilikuwa 22 dhidi ya 12. Faida ipo lakini ni ndogo, na waliofaidika zaidi ni wale ambao kifandugu chao hakijalegea, walioumia kwa ajali, na ambao maumivu yao hayakuwa ya muda mrefu. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kurudisha kwa kuvuta kwa nguvu mfupa uliotoka miaka 5 iliyopita, mkimbie. Kiungo kilicholegea hakikosi kurudi. Kinarudi kila unapoinuka. Kinachokosa ni kubaki.

Sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, pamoja na ganzi, kwa mfano miligramu 40 za triamsinoloni, huchomwa kwenye kiungo kilichoonekana kibovu, kwa kuongozwa na eksirei ya moja kwa moja. Kuchoma kwa kupapasa hukosa shabaha. Ripoti ya Wray na wenzake ya mwaka 1991 kuhusu wagonjwa 120 ilionyesha kwamba sindano peke yake iliwasaidia asilimia 60 hivi, na sindano ikiambatana na kusogeza mfupa mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, asilimia 85 hivi. Maumivu yanaweza kuzidi siku mbili tatu za mwanzo. Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara wiki hiyo, kwa sababu itapanda. Sindano zikirudiwa mno, mafuta ya chini ya ngozi huyeyuka, mfupa unabaki bila mto wa asili, na ngozi hupona vibaya upasuaji ukija baadaye.

Panapokuwa na neva zilizochachamaa, hulengwa fundo la neva lililo mbele ya kiungo cha sakramu na kifandugu. Sindano hupita katikati ya kiungo hicho kutokea nyuma, na dawa ya kuonyesha picha ikitandaa kwa umbo la alama ya koma mbele ya mfupa, daktari anajua yuko mahali pake. Mbele kidogo tu ya hapo iko puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, kwa hiyo kazi hii haifanywi bila picha. Ikisaidia kwa muda mfupi, neva zinaweza kuunguzwa kwa joto la mawimbi ya redio ili nafuu idumu zaidi.

Mawimbi ya mshtuko, akupancha, sindano za sukari za kukaza kano, vifaa vya umeme mdogo wa ngozi: kwa kifandugu ushahidi wake ni wa tafiti ndogo. Kwa kawaida havimdhuru mtu vikifanywa kwa usafi, na anayepata usingizi kwa sababu yake simkatazi. Nakataza tu kuvitumia kuahirisha picha ya kukaa.

Na sasa kisu. Upasuaji wa kuondoa kifandugu ulipata sifa mbaya katika karne iliyopita kwa sababu ulifanywa kwa yeyote aliyelalamika. Ukifanywa kwa mtu sahihi, matokeo ni mazuri. Maigne na wenzake walieleza mwaka 2000 wagonjwa 37 waliochaguliwa kwa sababu picha ilionyesha kiungo kilicholegea: 23 walipata nafuu kubwa sana, 11 nzuri, 3 hawakufaidika. Mtu sahihi ni yule aliyeonekana na kiungo kilicholegea au kijiba, ambaye ganzi ilimkatia maumivu kwa muda, na ambaye miezi 6 ya tiba nyingine iliyofanywa ipasavyo haikumsaidia. Asiye na kasoro kwenye picha, mwenye maumivu yaliyotapakaa kiunoni na mapajani, nafasi yake ya kupona kwa kisu ni ndogo.

Mgonjwa hulazwa kifudifudi, makalio hutandazwa kwa plasta pana. Antibiotiki hutolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata, na lazima iwe inayoua vijidudu vya utumbo pia, kwani si vile vya ngozi pekee vinavyosumbua hapa. Mpasuo ni wa sentimita 4 au 5 katikati, na mwisho wake wa chini huwekwa mbali na njia ya haja kubwa iwezekanavyo. Mfupa huvuliwa kutoka kwenye utando wake, nao utando huachwa ili misuli ibaki na pa kushika. Mbinu ya daktari Key ya mwaka 1937 huanzia kwenye kiungo cha juu na kushuka. Ya daktari Gardner ya 1972 huanzia nchani na kupanda. Vyovyote vile, ukuta wa puru uko mbele tu ya mfupa, na mpasuaji hatoki nje ya utando. Ukingo wa sakramu ulioachwa hulainishwa. Ukiachwa mkali, mgonjwa huamka na kijiba kipya. Mwisho hushonwa kwa tabaka, pasibaki pango la kukusanya damu.

Tatizo kubwa la upasuaji huu ni kidonda, na hutokea kwa mgonjwa mmoja hivi kati ya 10. Mahali pana unyevu, pamebanwa, pako karibu na kinyesi na hukaliwa. Acha sigara angalau wiki 4 kabla, kisukari kiwe kimedhibitiwa, na choo kiwe laini tangu kabla ya siku ya upasuaji. Wiki 2 za kwanza usikalie makalio: lala ubavu au kifudifudi, kula umesimama. Ukienda haja, usifute kuelekea mgongoni, maana kidonda kiko huko. Suuza kwa maji yanayotiririka, kausha kwa kugusagusa kwa shashi safi, kisha shashi nyingine, si ile ile, kwa kidonda. Mwanamke aoshe mbele kwanza, peke yake. Wekundu unaotanuka, majimaji yenye harufu au homa visingoje tarehe ya kliniki. Kuanzia wiki ya tatu kaa dakika 10 au 15 kwenye mto wa pengo, ukiongeza taratibu hadi wiki ya 6.

Wengi huingiwa na hofu mwezi wa pili, kwa sababu bado wanaumia na wanadhani wamekatwa bure. Nafuu ya upasuaji huu huja polepole: miezi 3 mara nyingi ni migumu, na kupona huendelea hadi mwaka au zaidi. Kushindwa kuzuia choo baada yake ni nadra sana.

Ukimfikia daktari wa upasuaji, muulize ni pingili zipi ataondoa na kwa nini, ameufanya mara ngapi, antibiotiki gani, na nani atakayekitazama kidonda wiki ya kwanza na ya pili. Muulize pia itakuwaje mwaka ukiisha na maumivu yapo. Jibu linaloeleweka ni kwamba atapiga picha upya kutafuta ukingo mkali au pingili iliyobaki, atapima tena sakafu ya nyonga, na atajaribu sindano ya fundo la neva kabla ya kufikiria kukata tena.